Hapakuwa na Pa Kukaa Stesheni ya Ueno

Tangu nirudi, kila anayesimama kwenye meza yangu Mtaa wa Kongo ananiuliza swali lile lile: "Ulimuona Sudi?" Nikijibu kwamba nilimuona, linafuata la pili: "Ukamwambia?" Hapo huwa naanza kukunja vitenge ambavyo vimeshakunjwa. Nimechoka kukunja vitenge. Nimekaa nimeandika yote, tulivyotoka mpaka tulivyorudi, ili Bi Saada na wenzake wa hapa mtaani wasome kwa zamu na waache kunitazama kwa yale macho ya huruma.

Kwa asiyemjua, Sudi ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Aliondoka Dar miaka ile ya foleni, madukani hakuna sabuni wala sukari, vijana wa Ilala wanashinda bandarini wakivizia meli ya kuzamia. Siku moja hakurudi. Tukasikia yuko Ugiriki, tukasikia yuko Singapuri, kisha hatukusikia tena. Baba yetu, Mzee Ramadhani, alikuwa fundi cherehani. Maisha yake yote alishona kwenye baraza ya duka la kina Mama Hansa, Wahindu wa Kisutu, tangu duka likiuza vitambaa mpaka likahamia Kariakoo na kugeuka la spea za magari. Hakuna baharia aliyepita pale barazani asiulizwe habari za Sudi. Mwaka jana, mwezi wa Rajabu, baba akafariki. Tukazika, tukasoma hitima, arobaini ikapita, na mwanawe hana habari, maana hatukujua hata tumtafute nchi gani.

Ndipo ikaja namba ya simu. Aliileta mtu aliyekwenda Japani kununua magari, si mnajua siku hizi za ruksa kila mwenye duka anapanda ndege. Nikapiga kutoka dukani kwa Mama Hansa. Sudi aliposikia sauti yangu alipiga ukelele wa furaha, Mama Hansa akausikia akiwa upande wa pili wa kaunta. Nani angeweza kumwambia mtu huyo, peke yake, ugenini, kwenye simu inayokwaruza, kwamba baba yako tumemzika? Nikamwambia tu, "Nakuja. Mama Hansa anakuja kununua spea, nami nakuja naye." Akasema tukutane stesheni ya Ueno, mjini Tokyo, anaijua kama ua wa kwetu. Nilimsikia akisema nimsubiri mlango wa stendi. Nikaitikia, simu ikakatika.

Siku ya kuondoka mama alinishika mkono kibarazani, akaniambia neno moja: "Ukamwambie mkiwa mmekaa."

Ilala mpaka uwanja wa ndege

Safari ya kwenda upande wa pili wa dunia ilikwama Buguruni. Tairi la teksi lilipasuka penye mafundi, bahati ya ajabu, lakini kila fundi alikuwa na maoni yake. Mmoja akataka kuziba, mwingine akasema tairi hilo halizibiki, dereva akawa mkali, na Mama Hansa ndani ya sari yake ya safari akashuka kwenda kulitazama mwenyewe.

"Nyie, hii ringi imepinda," alisema. "Mkiziba saa hizi, tutasimama tena mbele hapo. Leteni tairi jingine, nina ndege mimi."

Wakacheka, wakaleta. Mama Hansa amefiwa na mumewe siku nyingi, na duka analiendesha peke yake. Hajui kuogopa fundi. Kwenye mkoba alibeba chapati zake nyembamba za majani ya uwatu, za kututosha mpaka Japani na kurudi, kwa sababu hali nyama, hali samaki, hali yai. Mimi nilibeba korosho na chupa ya achari ya embe aliyoitengeneza mama kwa ajili ya Sudi. Tulifika uwanjani jasho linatutiririka, tukaambiwa ndege yenyewe imechelewa. Tukakaa sakafuni tukaanza chapati.

Bombay

Ndege ya kutuunganisha haikuwepo tulipofika Bombay, ikabidi tulale kwa shemeji yake Mama Hansa, Bwana Kanti. Huyu alizaliwa Kisutu, akaondoka Dar wakati nyumba za wenye nyumba zilipochukuliwa na serikali, na Kiswahili chake kimebaki kile kile cha ujana wake, hata maneno ambayo siku hizi huyasikii tena. Alikuja kutupokea mlangoni, akaninyang'anya sanduku langu, na kabla sijaingia ndani akauliza:

"Fundi hajambo? Suruali yangu ya harusi alishona yeye, bado ninayo."

Nilikuwa natafuta maneno. Mama Hansa akaniwahi. "Ameshafariki, bhai. Mwaka jana."

Bwana Kanti alibaki amesimama pale na sanduku mkononi. Hakuliweka chini, hakuingia nalo ndani. Aliangalia huku na huku kama mtu aliyesahau nyumba yake ina vyumba vingapi. Mkewe akaja akalitoa sanduku mkononi mwake taratibu, akamvutia kiti, ndipo akalia. Alikuwa mtu baki, hakuwahi kumwita baba kwa jina lingine zaidi ya "fundi".

Usiku ule mkewe alitupikia dengu na wali, nikala vizuri sana, nimwombe Mungu msamaha. Lakini nilichokiona pale mlangoni hakikunitoka. Mama Hansa aliona aibu kwa alivyosema. Tulipokuwa tunalala alinong'ona, "Mwantumu, wewe usifanye kama mimi. Lakini usicheleweshe pia. Ukianza kutafuta wakati mzuri, hutauona."

Nikamjibu kwamba nitamtafutia Sudi mahali pa kukaa, nitamshika mikono, halafu nitasema. Nilikuwa nimeshapanga mpaka sentensi ya kwanza.

Treni ya kuingia mjini

Uwanja wa ndege wa Tokyo uko mbali na mji. Pale kwenye ukaguzi wa mizigo kijana mwenye glavu nyeupe aliifungua achari ya mama, akanusa, akarudi nyuma hatua nzima, akamwita mwenzake naye anuse. Wakashauriana. Nikachovya kidole nikalamba kuwaonyesha ni chakula. Wakainama kwa heshima, wakanirudishia, na mmoja alikuwa bado machozi yanamlengalenga kwa pilipili.

Treni ilitupitisha kwenye mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, kisha nyumba, kisha nyumba zaidi, mpaka ikazama ardhini na kukoma. Tulikuwa Ueno, lakini siyo Ueno ya Sudi. Kumbe kuna stesheni mbili zenye jina moja zimekaa jirani. Hii ya treni za uwanja wa ndege iko chini ya kilima, imejificha, na ile kubwa, kongwe, iko ng'ambo ya barabara. Tulizunguka na masanduku mpaka mzee mmoja akatuhurumia, akatutangulia kimya kimya mpaka kwenye gesti yetu, akainama, akaondoka kabla hatujasema asante.

Chakula ndicho kilichotutesa. Mimi nauliza kama kuna nguruwe, Mama Hansa anauliza kama kuna samaki, na mwenye gesti anaitikia "hai, hai" kwa kila swali, nasi tunadhani anakana, kumbe kwao hiyo ni ndiyo. Supu iliyoonekana ya maji na majani tu ilikuwa imechemshwa na samaki mkavu. Mama Hansa alipoambiwa kwa kuchorewa picha ya samaki kwenye karatasi, aliweka bakuli chini akafungua mkoba wa chapati. Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu. Ndicho kicheko cha mwisho nilichocheka vizuri kule.

Mlango wa stendi

Kesho yake Mama Hansa alichukuliwa na wakala wake kwenda kwenye viwanja vya magari yaliyovunjwavunjwa, nami nikaenda stesheni na achari yangu.

Niseme jinsi ilivyo, maana bila hivyo hamtaelewa kilichotokea. Ukiitazama kutoka barabarani ni jengo pana la kijivu lenye madirisha marefu, halina mbwembwe, na mbele yake teksi zimepanga foleni. Nikasema hii ndiyo stendi, na huu ndio mlango. Ndani kuna ukumbi wenye dari ya juu mno, na juu ya mageti ya tiketi wamechora picha ndefu ya watu wa mashambani na farasi wao. Watu wanapita chini yake kama maji ya mfereji siku ya mvua. Wote wanajua wanakokwenda. Nilisimama nje mpaka baridi ikanitoboa, nikaingia ndani, nikaogopa asije akanikosa, nikatoka tena.

Saa sita ya huko ikapita. Bibi mmoja wa Kijapani, mfupi, amebeba furushi la kitambaa, alikuwa naye anasubiri mtu. Aliyemsubiri akaja, mwanamke mwenye mtoto, wakasalimiana kwa kuinama. Lakini yule bibi hakuondoka. Alinitazama, akaenda kwenye mashine ya vinywaji, akarudi na kopo la kahawa ya moto akaniwekea mikononi. Akasema maneno mengi. Nami nikamjibu kwa Kiswahili, "Namsubiri mdogo wangu, mama. Hajatokea." Sauti yangu ilinikatika mwenyewe bila kutarajia, na nadhani hiyo ndiyo aliyoielewa. Akanishika mkono kama mama alivyonishika kibarazani, akanipeleka ofisini kwa watu wa stesheni.

Wakanipa karatasi. Nikaandika kwa herufi kubwa: SUDI RAMADHANI. Wakalisoma kwa shida, wakajaribu tena, na muda si muda nikalisikia jina la mdogo wangu, na la baba yangu, likitangazwa kwenye vipaza sauti stesheni nzima kwa sauti laini ya mwanamke. Nilijisikia fahari. Yule bibi akapiga makofi kidogo, akanipungia mkono, akaenda zake na watu wake.

Sudi hakuja. Wakatangaza tena. Hakuja. Nilikuwa nimeanza kurudi gesti, nimefika penye nguzo, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Dada, usigeuke. Tembea tu. Shikamoo."

"Marahaba," nikajibu, natembea.

Alinipeleka mpaka nyuma ya ukuta wa makabati ya kuwekea mizigo, ndipo akanikumbatia. Alikuwa mwanamume mzima. Nilimwacha kijana mwembamba, nikakumbatia mabega ya mtu anayenyanyua vyuma, na mkono mmoja una kovu la moto toka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha vyuma nje ya mji. Alikuwa anacheka huku anachungulia nyuma ya ukuta.

"Dada, umenitangaza stesheni nzima! Huku mimi naitwa Ali. Karatasi zangu zimekwisha miaka. Niliposikia Sudi Ramadhani nikajua nimekamatwa, nikajificha chooni. Nilipotoka kuchungulia ndipo nikakuona wewe."

"Ulikuwa wapi mwanangu? Nimesimama mlango wa stendi toka asubuhi."

"Stendi? Nilikwambia mlango wa bustani!"

Bustani. Nikajiona nilivyo mjinga. Akanieleza kwamba stesheni imeegemea kilima. Upande wa barabara ni chini, upande wa pili mlango wake uko juu, unatokea kwenye bustani kubwa ambako wageni wasio na kazi hukutana. Aliyeko juu hamuoni aliyeko chini. Alikuwa amenisubiri huko muda wote ule niliokuwa huku, tumetenganishwa na ngazi tu.

"Tukae basi," nikamwambia. "Nina mengi. Tutafute pa kukaa."

Akatazama saa ya ukutani. "Leo niko zamu ya usiku, treni yangu inaondoka jioni hii. Na hapa hatukai, dada. Wanaokaa ndio wanaoulizwa karatasi. Ukitembea unaonekana msafiri. Twende nikutembeze."

Juu, chini, na chini zaidi

Basi tukatembea. Nilimfuata mdogo wangu ndani ya stesheni ile nikiwa na sentensi yangu mdomoni, na kila tulipofika nilitazama kwanza kama pana kiti.

Alianza na majukwaa ya juu, ambako treni zinapita bila kukoma. Zinaingia, zinamwaga watu, zinameza wengine, zinaondoka. Juu ya daraja la ndani tulisimama tukazitazama. Palikuwa na kelele za kengele na matangazo, huwezi kusema kitu cha maana. Nikamwambia, "Sudi, nyumbani..." na treni ikaingia. Ilipoondoka alikuwa ameshanivuta mkono.

"Hizi za juu si kitu. Njoo uone zile zenyewe."

Zile zenyewe zilikuwa majukwaa ya chini, nyuma ya ule ukumbi wa picha. Huko reli zinakuja mpaka karibu na watu na kukomea hapo hapo, mbele yake kuna kizuizi na ukuta. Mataa yake ni hafifu, nguzo za chuma nyeusi, dari fupi. Palinikumbusha stesheni yetu ya reli ya kati, mwisho wa safari ni mwisho. Sudi alisimama pale mikono nyuma kama mwenye mali.

"Treni zote za kaskazini zilikuwa zinafikia hapa," alisema. "Bosi wangu alishuka jukwaa hili hili, ametoka kwao shamba, kamaliza shule juzi. Walikuwa wanaletwa treni nzima nzima, watoto watupu, waje wafanye kazi viwandani. Wenye viwanda wanasimama hapo na vibendera wanaita majina. Anasema alipoitwa jina lake alitaka kurudi ndani ya behewa."

"Akarudi kwao lini?"

"Hajarudi kukaa. Anaenda mwaka mpya, anarudi. Wazee wake walikufa yeye yuko huku."

Nikasema moyoni, haya, mlango huo umefunguka, ingia. Lakini tulikuwa tumesimama. Watu wanatupita na mizigo. Nikamtazama usoni, naye akatazama ubao wa nyakati za treni.

Akanipeleka chini. Ngazi za umeme za kwenda kwenye treni za kasi zimechimbwa kwenda chini ajabu, unashuka, unafika, kumbe kuna nyingine. Kule chini ni kupya, kunang'aa, na viti vilikuwepo, lakini lazima uwe na tiketi. Tukapanda tena. Mwisho akanipitisha kwenye njia ya chini kwa chini, ndefu, ukutani vigae, watu wanapita haraka bila kutazamana.

"Jengo hili la sasa walijenga baada ya tetemeko, lile la mwanzo liliungua na mji," alisema. Hapo sauti yake ilishuka. "Vita ilipokuja mji ukaungua tena, hili likabaki. Basi kila aliyekosa nyumba akaja hapa. Njia hii yote ilikuwa imejaa watu, dada. Na watoto waliofiwa na wazazi. Walikuwa wanalala hapa, wengine hawaamki. Bosi wangu anasema ukipita na wazee wa mji huu, hapa wananyamaza."

Tukatembea hatua chache. Kisha akagonga kigae kimoja kwa kidole cha pete.

"Na hapa ndipo nilipolala mimi. Majira yangu ya kwanza ya baridi. Kulikuwa na Mghana mmoja upande huu, na mzee wa Kijapani upande huu. Yule mzee alinipa maboksi yake mawili."

Nilishindwa kujizuia, nikauweka mkono wangu pale ukutani. Ulikuwa baridi kama barafu. Mama hajaambiwa hili mpaka leo, mnaosoma mlijue na mlihifadhi. Nikasema, "Sudi, tuchuchumae hata hapa hapa. Kuna jambo nataka kukwambia."

Akanitazama. Kwa muda mfupi hivi alinitazama sawasawa, na nilidhani atakaa. Kisha akanishika bega.

"Hapa pachafu, dada. Twende soko la chini ya reli ukaone Kariakoo ya Wajapani."

Kweli ilikuwa Kariakoo. Kichochoro kinafuata nguzo za reli, wauza samaki wanapaza sauti, nguo zimetundikwa, viatu, karanga, saa, treni zinanguruma kichwani. Sudi alininunulia viazi vitamu vilivyookwa, tukala tunatembea. Akauliza habari za nyumbani na mimi nikajibu: nani kaoa, Simba na Yanga imekuwaje, ni kweli sasa Dar kuna mikate kila duka, ni kweli watu wanaangalia televisheni. Alicheka sana niliposema kwamba Mnazi Mmoja siku hizi mikutano ya siasa inapokezana. Nikafurahi kumchekesha. Nilijidanganya kwamba naandaa njia.

Jukwaa la kumi na nne

Treni yake ilikuwa inaondokea kule chini, kwenye reli zinazokomea ukutani. Ilikuwa imeshasimama, milango wazi. Nikampa achari. Akafungua kifuniko pale pale, akanusa, akafumba macho.

Bado ameyafumba akauliza, "Baba hajambo?"

Nilikuwa na maneno yote. Niliyabeba toka Ilala, yamepita Bombay, yamepita ukaguzi wa mizigo. Nikaona kengele inalia, nikaona ataingia humo peke yake na habari hiyo, atasimama kati ya watu wasiojua hata kumwambia pole, halafu akakeshe usiku kucha mbele ya chuma kinachochemka.

"Hajambo," nikasema.

"Macho bado yanamsumbua?"

"Yanamsumbua kidogo."

"Alhamdulillahi," akasema. Akafunga chupa taratibu, akakizungusha kifuniko mara nyingi kuliko ilivyohitaji. "Jumapili ndiyo siku yangu ya kupumzika. Nitakuja gesti kwenu. Tutakaa, dada."

"Tutakaa," nikaitikia.

Milango ikafungwa. Alisimama nyuma ya kioo, mkono kifuani, mpaka nikawa naona taa tu.

Nilipomsimulia Mama Hansa jioni, hakunilaumu. Alikaa kitandani akivua bangili moja moja. "Jumapili basi," alisema.

Jumapili tulinunua matunda, tukaazima mikeka kwa mwenye gesti, tukaandaa chumba kama cha watu wanaongoja wageni wa matanga. Mchana simu ikalia pale mapokezi. Alikuwa Sudi, anasema haraka haraka. Kiwanda cha jirani kimeingiliwa na wakaguzi, wamechukua wageni wote, yeye na wenzake wamehama usiku, hawezi kukanyaga mjini. "Nisalimie mama," alisema. "Na wote." Nikaita, "Sudi, ngoja, Sudi!" Mwenye gesti akainua kichwa kunitazama. Simu ilikuwa imekatika.

Kurudi Ilala

Njia ya kurudi haina cha kusimulia. Nililala karibu njia nzima. Bwana Kanti alitupokea tena Bombay na safari hii hakuuliza kitu.

Mama alikuwa ameketi pale pale kibarazani. "Umemwambia?"

"Sikumwambia, mama. Hapakuwa na pa kukaa."

Alifikiri, akasema, "Basi," na akaniuliza kama Sudi amenenepa.

Haukupita muda mrefu akaja mgeni Ilala, kijana anaitwa Chande, amerudishwa kutoka Japani pamoja na wenzake waliokamatwa. Alikuwa akikaa chumba kimoja na Sudi. Alivua viatu, akampa mama shikamoo, akakaa mkekani, na kabla ya maji ya kunywa akasema, "Poleni sana na msiba wa mzee."

Mama na mimi tukatazamana.

"Nani alikwambia?" nikamuuliza.

"Sudi mwenyewe. Baharia mmoja wa Dar alishuka Yokohama akamwambia, zamani kidogo, ilikuwa kabla ya Ramadhani. Tulimsomea mzee hitima chumbani, sisi na Wapakistani wawili, na Msudani ndiye aliyetuongoza." Akasita. "Hamkujua kwamba anajua?"

Mama ndiye aliyesema, pole pole, "Endelea, baba."

"Siku aliyorudi kutoka Ueno alinionyesha achari. Nikamuuliza, mmelia? Akasema, dada kaniambia baba hajambo, nikaona haya kumkatalia. Akasema ulikuwa umechoka sana. Hakutaka uanze kulia ukiwa ugenini, umesimama kati ya watu."

Nimeirudia stesheni ile kichwani mara nyingi kuliko nilivyowahi kurudia njia ya Kariakoo. Kila nilipofungua mdomo naye akanivuta mkono. Pale kwenye kigae alivyonitazama. Tulikuwa na saa zile tu, ndugu wawili, mmoja kamzika baba na mwingine kamsomea ugenini, na tukazimaliza tukioneshana treni.

Chande alituachia namba ya huko walikohamia. Nilikwenda dukani kwa Mama Hansa. Ilikuwa mchana, wanunuzi wamejaa, mmoja anataka plagi, mwingine anagombea bei ya rejeta, mafundi wanapiga kelele mlangoni. Mama Hansa akanisogezea simu, akawaomba watu wapunguze sauti, nao wakapunguza, wakageuka wote kunisikiliza. Simu ikalia kule mbali. Ikapokelewa.

"Sudi," nikasema. "Chande amefika."

Alijua mara moja. Nilimsikia akivuta pumzi. Nikangoja aseme chochote, hata kunigombeza. Nadhani na huko kwake walikuwepo watu.

"Poleni na msiba, dada," akasema, kama anavyosema mtu baki.

Watu wote dukani walikuwa wananitazama. Nikamjibu kama tunavyowajibu watu baki.

"Tumeshapoa."